Maparachichi ya mali kauli: nibaki na jina la biashara au nifungue kampuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka minne nimekuwa nikinunua maparachichi aina ya Hass kwa wakulima wa Rungwe na kumuuzia mnunuzi wa Dar es Salaam, nikitumia jina la biashara nililosajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Mauzo ya mwaka jana yalifika shilingi milioni 60. Mara nyingi nachukua mzigo kwa mali kauli, nikishalipwa ndipo nawalipa wakulima. Msimu uliopita mzigo mmoja ulikataliwa, nikanusurika kuuza kiwanja changu cha Uyole ili niwalipe. Sasa shemeji yangu anataka kuingiza mtaji, na mwanangu amesoma mtandaoni kwamba dawa ni kufungua LLC. Naomba ushauri.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Dada, tuanze na hilo la mwanao. LLC ni aina ya shirika la biashara la Marekani, lililoanzia katika sheria ya jimbo la Wyoming ya mwaka 1977, na halimo katika sheria zetu. Kinachokaribiana nalo hapa ni kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002. Kule, faida ya LLC ya mtu mmoja kwa kawaida huhesabiwa kuwa mapato ya mwenyewe, kwa hiyo mengi aliyoyasoma kijana kuhusu kodi hayakuhusu. Hapa kampuni ni mlipakodi anayejitegemea: hutozwa asilimia 30 ya faida, hesabu zake hupitia kwa mhasibu aliyesajiliwa, na ukichukua gawio, yaani sehemu yako ya faida, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Wewe, kwa kuwa ni mtu binafsi na mauzo yako hayajazidi milioni 100 kwa mwaka, unaruhusiwa kulipa kodi kwa makadirio ya mauzo. (Faida yako ikiwa nyembamba, piga hesabu zote mbili, maana kodi ya mauzo haiulizi kama ulipata hasara.)

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kiwanja. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Ni wewe mwenyewe kwa jina jingine, na deni lake ni deni lako hadi Uyole. Kampuni ni mtu wa pekee, kanuni iliyothibitishwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1896 katika shauri la mtengeneza viatu Aron Salomon, na mwanahisa hudaiwa kile tu alichoahidi kulipia hisa zake.

Shemeji ndiye anayegeuza mizani. Mkishirikiana chini ya jina la biashara mtakuwa wabia, na kila mbia huwajibika kwa madeni ya ubia. Akienda Busokelo akachukua kreti mia kwa jina lenu bila kukuambia, wakulima watabisha hodi kwako. Kwa hiyo, ama akukopeshe kwa maandishi, nawe ubaki kama ulivyo huku ukipunguza mali kauli, ama mfungue kampuni na fedha yake iwe hisa zinazohesabika. Kama amekusudia kweli kuwa mwenye mali, mimi ningechagua kampuni, pamoja na gharama zake za mhasibu na taarifa za kila mwaka kwa BRELA.

Hata hivyo, cheti cha usajili peke yake hakitakilinda kiwanja. Benki ikiikopesha kampuni changa, mara nyingi huwataka wakurugenzi watie saini ya dhamana binafsi, na hapo unarudi ulikotoka. Na wakulima wako wanakujua wewe, si kampuni. Kile kipande cha karatasi ya daftari unachomwachia mkulima shambani, chenye kilo, idadi ya kreti na saini yako, ni ahadi yako binafsi, na mdai anaweza kukipeleka mahakamani hivyo hivyo. Kabla ya mzigo wa kwanza wa kampuni kutoka Tukuyu, chapisheni kitabu cha stakabadhi chenye jina la kampuni, utie saini kama mkurugenzi, na mkulima aelezwe waziwazi kwamba anayemkopesha si wewe tena. Akikataa masharti hayo, mlipe taslimu au uyaache maparachichi yake mtini.