Mama anavimba miguu na kuhema: kujiandaa na kliniki ya moyo

Pole sana, ndugu. Umesema mama ana miaka 63, miguu inavimba, analalia mito mitatu ndipo apumue, na amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Hilo la mito usiache kumwambia daktari. Kwake lina uzito kuliko unavyodhani.

Beba barua ya rufaa, kadi ya bima, majibu ya zamani na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba na za maumivu. Baba yangu alikuwa anameza diclofenac kwa ajili ya goti, kumbe zinazuia maji na chumvi kutoka mwilini, uvimbe ukazidi. Tulihangaika miezi kabla mtu hajauliza!

Tarajia apimwe presha, damu (figo zikiwemo), ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko, yaani ultrasaundi inayoonyesha moyo unavyosukuma damu na hali ya vali. ECG na eko haviumi.

Akipewa dawa ya kukojoza maji, kwa kawaida humezwa asubuhi, la sivyo usiku hatalala. Asiache dawa kwa kuwa kapata nafuu. Punguzeni chumvi, na apimwe uzito kila asubuhi: ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, wapigieni kliniki.

Ila akibanwa kifua, akizimia, akishindwa kupumua hata akiwa ameketi, au mdomo ukienda upande, msisubiri tarehe ya kliniki. Mkimbizeni hospitali ya karibu saa hiyohiyo.