Re: Siku tatu za jua zinatosha kuteremka?

Umeuliza kama siku tatu za jua baada ya theluji nyingi zinatosha kuuamini mteremko mkali kwamba theluji yake haitaporomoka. Si lazima, ndugu yangu. Theluji mpya mara nyingi hutulia upesi. Tatizo huwa chini yake, kwenye tabaka la punje zisizoshikana, na hilo laweza kukaa wiki kadhaa likingoja uzito wako. Chimba shimo, chota theluji ya chini kwa glavu, ibinye. Ikichuruzika kama sukari badala ya kuwa donge, mimi narudi. Ikishikana, usifurahi mapema: hatua ishirini mbele hali inaweza kuwa nyingine kabisa.

Mabamba mengi ya theluji, yaani tabaka lililoshikana linalokatika kwa pamoja, huporomoka kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, kwa hiyo pima, usikadirie kwa macho. Na upepo je? Hata mbingu ikiwa safi, upepo bado unahamisha theluji na kuirundika upande uliokingwa.

Ukisikia mguno mzito, "vumf", chini ya miguu, au ufa ukikimbia mbele yako, hapo hakuna mjadala, rudi. Koleo, fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa na kifaa cha mawimbi ya redio cha kuonyesha alipo ni vya kila mtu, maana muda wa aliyefukiwa huhesabiwa kwa dakika.