Sindano Ikisimama: Majibu kwa Wasomaji

Barua zimenikalia mezani tangu kabla ya Ramadhani, na nyingi zauliza jambo moja kwa maneno tofauti: huyu mama mwandishi akiamka hufanya nini hasa? Leo najibu chache, kwa jinsi nilivyozifungua.

Shikamoo Bi. Wewe huandika saa ngapi? Mimi kila nikikaa usiku nalala na kalamu mkononi. (Mwanafunzi, Kisauni)

Marahaba mwanangu. Mimi na usiku tulishaachana zamani. Huandika baada ya sala ya alfajiri mpaka saa mbili, na nikibahatika saa mbili unusu. Wakati huo uchochoro wetu hapa Kibokoni bado una ubaridi, paka wamejilaza barazani, na wa kwanza kunikatiza ni muuza kahawa anayepita akigonganisha vikombe vyake. Nikivisikia najua nimebakiwa na nusu saa, maana nyuma yake zinafuata tuktuk, watoto wa shule, na jirani anayetaka kuazima kikaango. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto huamka pamoja nami, jasho la mkono likalowesha karatasi, basi hufunga duka mapema. Kusi ikianza kuvuma hurudi kwenye saa zangu. Na hilo la kulala na kalamu usilihesabu uvivu. Umeshinda darasani kutwa, umechoka. Lala, uamke mapema.

Karatasi au kompyuta? (Kijana, Bamburi)

Karatasi. Daftari la kurasa 96, lile la wanafunzi, kwa sababu halitaki stima, na stima zetu mwazijua. Kompyuta ni ya kunakilia tu. Abdilatif Abdalla, mwana wa papa hapa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi yake ya gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Ndiyo yaliyotoka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Tangu nilijue hilo, naona haya kusema nimeshindwa kuandika kwa kukosa meza nzuri.

Mbona wahusika wako husema "ndoo" badala ya "njoo"? Wanafunzi wangu wanadhani ni ndoo ya maji. (Mwalimu, Voi)

Mwalimu wangu, nimecheka. Nyumbani, kwa Kimvita chetu cha Mombasa, ningesema nimeteka, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Katika hadithi yangu ya kwanza niliandika, "Bibi akateka mpaka machozi yakamtoka." Mhariri, mtu wa bara, akaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ameteka maji wapi? Kisima hakijatajwa." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwona ana haki, kwa sababu sentensi ile ilikuwa ya msimulizi, na msimulizi anazungumza na watu wa kutoka Lamu mpaka Kigoma. Tangu hapo nina kanuni yangu: msimulizi huvaa sanifu, wahusika huachiwa midomo yao. Bibi wa Mji wa Kale hawezi kumwita mjukuu wake kwa "njoo". Akisema hivyo, msomaji wa hapa atajua mara moja kwamba nimemkodi mtu.

Wapo wanaoniambia Kimvita ni makosa ya tahajia. Hao nawakumbusha kwamba mwaka wa 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana mjini humu humu, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ulikuwa uamuzi wa mkutano, na una faida zake. Mimi mwenyewe naula mkate wake. Lakini barabara iliyo karibu na kwangu bado yaitwa Ndia Kuu, na hakuna aliyethubutu kuisahihisha iwe Njia Kuu. Waambie wanafunzi wako hivyo. Na wakiendelea kuona ndoo ya maji, basi waulize nani anayeitwa kwenye sentensi.

Nani huisoma kazi yako kwanza? (Msomaji, Likoni)

Hakuna anayeisoma. Husikizwa. Mama yangu hushona kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, na baada ya alasiri hukaa karibu na dirisha, kitambaa mapajani. Nami humsomea nilichoandika asubuhi. Hanipi maoni, na nikimuuliza hunijibu, "Ni kuzuri," kama anavyomjibu muuza samaki. Mimi huitazama sindano. Ikisimama katikati ya tundu, hapo pana kitu. Ikienda bila kupunguza mwendo, ukurasa umelala. Na akisema, "Hebu nitilie chai," basi najua sura nzima ni ya kuanza upya.

Si ujanja nilioubuni mimi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, hakuacha kitabu kilichochapishwa. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mvita miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika. Fikiria beti ngapi zilianguka njiani kwa sababu hazikukaa mdomoni. Nikiandika sentensi inayonikwaza ulimi, naikata, hata kama naipenda. Hasa kama naipenda.

Je, vitabu vinakulisha? (Baba wa watoto wanne, Changamwe)

Ndugu yangu, tupige hesabu. Kitabu changu kinauzwa shilingi 500 dukani. Duka linachukua 150, mchapishaji anapokea 350, na mkataba wangu unanipa asilimia 10 ya hizo alizopokea yeye. Ni shilingi 35. Kabla hazijanifikia hukatwa kodi ya asilimia 5, nabaki na 33 na senti. Mrabaha huo hulipwa mara moja kwa mwaka. Mwaka mmoja ulichelewa miezi saba, na nilipopiga simu niliambiwa mwenye sahihi yuko likizo.

Kinachonilisha ni tafsiri: fomu za hospitali, mabango ya kampeni za chanjo, mikataba ya nyumba. Nalipwa kwa neno. Kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri ni hiyo tu, na siioni kuwa adhabu. Fomu ya hospitali hufundisha kuandika sentensi fupi kuliko warsha yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Ukikwama je? (Kijana yule yule, Bamburi)

Mimi huenda Likoni. Feri haimtozi mtu wa miguu, kwa hiyo huvuka, nikashuka, nikapanda tena kurudi, sina shughuli yoyote ng'ambo. Nimekwenda kusikiliza. Wiki iliyopita mwanamke mmoja alikuwa akinong'ona kwenye simu: "Mwambie nimekufa." Akanyamaza kidogo. "La, mwambie nimekufa tangu Jumatano." Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

Dada, nimemaliza riwaya ya kurasa 400. Nikuletee uisome? (Mwandishi chipukizi, Mtwapa)

Hongera, kumaliza si kazi ndogo. Lakini kurasa 400 sitaziweza, mdogo wangu, nitakudanganya nimesoma. Chagua kumi. Usichague kumi za kwanza, maana hizo umeshazipiga pasi mara hamsini; chukua kumi za katikati, pale ulipokuwa umechoka. Njoo siku yoyote baada ya alasiri isipokuwa Ijumaa, na utazisoma mwenyewe, kwa sauti. Mama atakuwepo. Usimtazame usoni, atakutabasamia bure. Kaa upande wa dirishani, uione sindano.