Kasha la kale: msasa uwe wa mwisho

Ukiletewa kasha la kale la pwani, lile lenye misumari ya shaba na droo kwa chini, mkono utakuwasha kushika msasa. Uzuie. Makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar yalitengenezwa India kwa mbao za msaji (mtiki), yakaja kwa majahazi. Rangi iliyoiva kwenye mbao zake kwa kushikwa na kufutwa miaka nenda miaka rudi hakuna vanishi inayoirudisha.

Anza kwa kutoa vumbi kwa brashi laini, kisha pitisha kitambaa kilichokamuliwa sana. Halafu jua lilipakwa nini. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana. Pakinata, hiyo ni shelaki, aina ya vanishi ya zamani, na shelaki hulainika tena kwa spiriti ukaisawazisha bila kukwangua chochote. Pasiponata, jaribu thina. Ukikuta rangi ya mafuta ya zamani, usiisugue kavu kamwe: rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto.

Shaba husafishwa kwa ukwaju, hilo kila nyumba ya pwani inalijua. Lakini uchachu wake ukiingia kwenye mbao palipo na kutu, huacha doa jeusi. Kata kadi ngumu izunguke kichwa cha msumari ndipo usugue. Mimi sipendi shaba ya kasha kuukuu ing'ae kama ya dukani.

Viungo vikilegea, usipige msumari; utapasua mbao na kumfungia njia fundi atakayekuja baada yako. Msaji una mafuta, gundi haiushiki vizuri. Kwangua gundi ya zamani, futa kwa thina, ikikauka tu paka gundi, bana, acha hadi kesho yake.

Mteja akitaka liwe meza ya sebuleni, mkubalie. Kioo kikae juu ya vipande vya mpira, miguu iwe fremu ya kulibebea, bila kutoboa popote. Akitaka nyuma likatwe kupitisha nyaya za televisheni, mshauri atengenezewe jipya.

Na ukimalizia kwa mafuta ya kitani, vitambaa ulivyotumia vitandaze nje mpaka vikauke kabisa. Vikiachwa vimekunjamana hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti, na karakana imejaa maranda.