Yule mama wa kwenye kinu

Mwanangu mpenzi,

Juzi ulipopita hapa Katuba ukitokea Kolwezi, ulisimama mbele ya ile picha ya sebuleni ukaniuliza: "Mama, huyu anayetwanga ni nani wetu? Na kama si wetu, mbona foto ya kambo, bibi yangu aliyekuzaa, iko chumbani na yeye yuko hapa?" Nilikuwa na wageni, sikukujibu.

Si wa ukoo wetu. Baba yako aliinunua mwaka 1974 kwa kijana aliyepita nyumba kwa nyumba na picha zake kwapani. Miaka ile Lubumbashi ilijaa wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi. Wengine walichora mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, wengine kijiji. Kabla yao walikuwapo kina Pilipili na Bela, wa ile Hangar, karakana ya uchoraji ambayo Romain-Desfossés aliianzisha mwaka 1946, lakini kazi zao zilinunuliwa zaidi na Wazungu. Hizi zilinunuliwa na watu kama sisi, wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, na jirani zao. Tuliziita ukumbusho.

Sasa sikia habari za kambo yako. Alipokuja kutoka Kasenga akaiona, hakusema ni nzuri wala ni mbaya. Alisogea akatazama mikono. "Huyu atatoka malengelenge," akasema, "mchi ameushika kama jembe." Kisha akauliza: "Mwenzake yuko wapi?" Maana kwao walitwanga wawili, hata watatu, kinu kimoja, huyu akiinua, yule anashusha, na aliyekosea zamu alisikika mpaka mtoni.

Usiku ule hatukulala mapema. Alitueleza jinsi walivyolowesha mihogo siku tatu, siku nne, mpaka ilainike na sumu itoke. Wakaianika, wakaitwanga, wakachekecha, na chenga zikarudi kinuni. Alitutajia waliotwanga naye, mmoja mmoja. Jina la mama yake nililisikia usiku huo kwa mara ya kwanza, nami nimekwisha kuzaa wawili! Nilimjua kwa kusikia tu "kambo yako", basi.

Ndiyo sababu picha iko sebuleni. Foto ya mama yangu naitaka karibu na kitanda changu, niiangalie peke yangu. Lakini mgeni akikaa mbele ya yule mama wa kinu, hamalizi chai kabla hajaanza kusimulia kwao walitwanga vipi.

Ukija tena, igeuze. Imechorwa kwenye kitambaa cha mfuko wa unga, na herufi za kiwanda bado zinaonekana kwa mbali. Kambo yako aliziona, akataka nimsomee. Nikamwambia ni unga wa mashine. Alizipapasa herufi kwa kidole, akanyamaza kitambo, ndipo akasema: "Mfuko huu ungefika kwetu mapema, mgongo wangu usingekuwa hivi."

Mama yako