Maswali yenu kuhusu kusafisha damu kwa mashine figo zinaposhindwa: kilo za Jumatatu, madafu, mishipa na maji ya mashine

Shikamooni. Mama anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila Jumatatu anavutwa kilo nne, misuli inambana mpaka analia. Mashine ni mbovu? (Lindi mjini)

Marahaba. Mashine huenda haina kosa. Kati ya Ijumaa na Jumatatu ndiyo nafasi ndefu kuliko zote, na maji mengi anayokunywa yanabaki mwilini. Kilo moja iliyoongezeka ni lita moja ya maji.

Piga hesabu. Kasi ya kuvuta maji isizidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mama wa kilo 60 avutwe mililita 780 kwa saa, yaani lita tatu na ushei kwa saa nne. Kilo nne ni lita nzima kila saa. Mashine inatoa maji kwenye damu haraka kuliko yale ya miguuni yanavyorudi mishipani. Presha inaporomoka, misuli inakakamaa. Akianza kupiga miayo mfululizo, mwiteni nesi hapo hapo, msingoje azimie. Na muulizeni daktari kuhusu kumwongezea muda, pia kuupima upya uzito wake mkavu, yaani ule usio na maji ya ziada. Akinenepa au akikonda, namba ile ya zamani humdanganya.

Nyumbani, anzeni na chumvi kabla ya kumnyima maji. Anayekula ng'onda mchana hawezi kuvumilia kiu jioni, hata mkimfungia mtungi. Kipimo cha kawaida ni nusu lita kwa siku, ukijumlisha kiasi cha mkojo anaotoa. Uji, chai, mchuzi na barafu vyote vinahesabiwa.

Madafu na korosho tumekatazwa. Huku kwetu tule nini sasa? (Mikindani)

Dafu ndilo tunaloliogopa zaidi. Watu huliona kama maji safi, kumbe moja kubwa laweza kubeba zaidi ya nusu gramu ya potasiamu, na wagonjwa wengi hupangiwa gramu 2 hadi 3 kwa siku nzima. Potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama, wakati mwingine bila dalili yoyote kabla.

Korosho ina potasiamu pia, ila ubaya wake mwingine ni fosforasi: gramu 100 zina karibu miligramu 600, na kikomo cha siku huwa 800 hadi 1,000. Punje chache siku moja moja, mwulize mtaalamu wako wa lishe. Bakuli la kutafuna barazani, hapana.

Muhogo unalika. Menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, yamwage, uive kwenye maji mapya. Kisamvu vivyo hivyo. Na ile chumvi inayouzwa kuwa "haina sodiamu" mara nyingi ni potasiamu tupu; iacheni dukani.

Nimeunganishwa mishipa mkononi wiki tatu sasa. Mbona bado natumia mpira wa shingoni? (Newala)

Mshipa huo, utakaochomwa sindano za mashine, haujakomaa. Huchukua wiki sita hadi nane, wengine zaidi. Kila asubuhi weka vidole juu ya mshono: usikie mtetemo kama paka anayekoroma. Mtetemo ukinyamaza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usilaliwe wala kubebeshwa ndoo.

Mimi ni muuguzi. Kwa nini tupime klorini kila zamu na mtambo wa kuchuja maji tunao? (Mtwara)

Kwa sababu utando wa mtambo unazuia chumvi, lakini kloramini (klorini iliyoungana na amonia) hupenya, nayo hupasua chembe za damu. Kinachoikamata ni kaboni, yaani makaa ya kuchujia, na kaboni huchoka kimyakimya. Mgonjwa mmoja hukutana na lita 120 hivi za maji kwa awamu moja. Acha mtambo utembee dakika 15, chukua sampuli baada ya tangi la kwanza la kaboni, pima klorini *yote*. Kipimo cha klorini huru peke yake hakioni kloramini. Isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Ikizidi, pima baada ya tangi la pili. Na hapo ikizidi, hakuna kumuunga mgonjwa. Damu kwenye mpira ikigeuka rangi ya rozela, simamisha pampu, bana mipira, na damu ile usiirudishe: chembe zimepasuka na potasiamu imemwagika.

Gari ikinikwamisha nikakosa awamu, usiku huo nifanyeje? (Masasi)

Pigia kituo simu wakupangie kesho. Mpaka hapo maji kidogo sana, matunda na dafu usiguse. Ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, miguu ikilegea au moyo ukidunda ovyo, nenda hospitali iliyo karibu, usiku ule ule. Sentensi yako ya kwanza mapokezi iwe: "Nasafishwa damu, nimekosa awamu." Waombe kipimo cha umeme wa moyo, na dripu wasikutundikie kwa mazoea.