Umemwambia nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu EMBA

Msimu wa maombi ya EMBA, yaani Executive MBA, shahada ya uzamili ya biashara kwa wasimamizi walio kazini, umewadia na barua zenu zimenijaa. Nimezipitia juzi usiku, umeme ukikatika na kurudi, na nyingi zinaulizia kitu kimoja kwa sura tofauti: vipi nisome bila mtu kujua. Bosi asijue, mume asijue, jirani asijue akatia jicho. Jamani, hii ni miaka miwili ya wikendi, na karo ambayo ingekununulia kiwanja Mtwapa. Utaificha chini ya mkeka gani? Haya, tuanze.

Nina miaka 26, nimefanya uwakala wa forodha miaka miwili. Nataka EMBA, sio MBA ya kawaida, kwa sababu ina hadhi zaidi. Naweza? – Kijana wa Kizingo

Hapana. Hiyo E si ya hadhi, mwanangu. Programu hizi zilianzia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943, kwa ajili ya watu ambao tayari walikuwa na idara mikononi na wasingeweza kuiacha kazi warudi darasani mchana. Mpaka leo nusu ya somo huletwa na wanafunzi wenyewe. Mwalimu akisema, "Hebu tuambieni siku mliyomfukuza mtu kazi mara ya kwanza," wewe utachangia nini? Hata MBA ya kawaida, AMBA, chama cha Uingereza kinachozipa ithibati, hutaka mwanafunzi awe amefanya kazi miaka mitatu angalau. Kwenye EMBA utakaa na watu wa miaka kumi, kumi na tano. Tafuta kwanza mtu akukabidhi kitu cha kusimamia, hata kama ni madereva watatu na daftari la mafuta.

GMAT ni lazima? – Wengi, kutoka kila mtaa

Swali hili la GMAT, ule mtihani wa kuingilia shule za biashara, mnaniletea kila msimu. Inategemea chuo, na chuo kimeandika kwenye ukurasa wake wa maombi, pale pale mnapopita mkikimbilia kitufe cha kulipa.

Niongeze ambalo hamkuuliza. Wale mnaonunua vitabu vya GMAT vya mitumba, angalieni mwaka. Mtihani wa zamani ulikoma mwisho wa Januari 2024. Wa sasa una maswali 64 kwa saa mbili na robo, alama zinatoka 205 hadi 805 na zote huishia na 5. Insha imeondolewa, na yale maswali ya kusahihisha sentensi pia hayapo. Mtu ananiandikia kwa fahari kwamba amemaliza kusoma sura ya insha! Pia upo mtihani uitwao Executive Assessment, maswali 40 kwa dakika 90, uliotungwa kwa ajili ya watu wazima wenye kazi zao. Uliza kama chuo chako kinaupokea kabla hujajitesa na ule mwingine.

Assalam aleikum. Cheti changu cha KCSE kinasema Mohamed, digrii inasema Mohammed, kitambulisho kinasema Muhammad, na jina la babu limetangulia la baba. Fomu inakataa. – M., Majengo

Waaleikum salaam. Pole, hili ni letu sisi wa Pwani. Karani wa shule aliandika alivyosikia, wa kitambulisho akaandika alivyotaka. Nenda kwa wakili uape hati ya kiapo inayoyataja majina yote matatu kama yalivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, na kusema kwamba ni mtu mmoja. Iambatishe. Jaza fomu kwa jina la kitambulisho au pasipoti. Akina mama waliochukua jina la mume, cheti cha ndoa. Aliyebadilisha jina kabisa anahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, na hiyo huchukua muda, kwa hivyo usiianze wiki ya mwisho.

Sitaki bosi ajue mpaka nikubaliwe. Rafiki yangu ni meneja kwenye kampuni nyingine, aniandikie yeye barua ya mapendekezo? – Wa kampuni ya meli, Changamwe

Rafiki yako ameiona wapi kazi yako? Kwenye kahawa?

Nilikaa ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya shehena miaka kumi na moja. Siku moja nikapigiwa simu na ofisi ya usajili ya chuo fulani kuthibitisha barua "uliyomwandikia kijana wako". Sikuwa nimeandika barua yoyote. Nikamwomba yule dada anisomee. Akaanza: mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana. Nikacheka peke yangu, kwa sababu sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma kwenye wasifu wa yule kijana siku namwajiri. Alikuwa amefungua anwani ya barua pepe kwa jina langu. Cheo changu alikikosea, akanipandisha mpaka mkurugenzi. Nilimwambia dada ukweli, na nafasi ikaenda. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba angebisha mlango tu ningemwandikia, tena vizuri, maana ndiye aliyetupangia upya zamu za usiku tukaacha kulipa wale vibarua wa ziada. Hayo hayakuwamo kwenye barua yake ya uongo. Hakujua kwamba nilikuwa nimeyaona.

Chuo kinataka barua ya mtu unayeripoti kwake kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: huyo ndiye aliyeiona kazi yako. Ya pili ni kujua kama utaachiliwa Ijumaa. Programu nyingine hudai kabisa barua ya mwajiri inayokubali siku zako za kutokuwepo, na hapo siri yako itakuwa imefika mwisho, baada ya wewe kulipa ada ya maombi isiyorudishwa.

Nenda kwa bosi na kalenda. Mwonyeshe tarehe za masomo, nani atashika nafasi yako, na siku zipi utazitoa kwenye likizo yako mwenyewe. Pesa usizitaje siku hiyo. Muulize pia kama anaweza kukuandikia barua nzuri, kwa neno hilo hilo "nzuri". Akisitasita, shukuru, utafute mwingine. Kama kweli ni mtu wa kukufukuza kwa kutaka kusoma, tumia bosi wa zamani aliyeondoka karibuni, au mteja mkubwa aliyefanya kazi nawe kwa karibu, na ukieleza sababu kwenye fomu kwa sentensi mbili inatosha.

Na kampuni ikikubali kukulipia, kuna mkataba. Mnasaini mkitabasamu. Someni! Utafungwa miaka mingapi baada ya kuhitimu? Ukiondoka katikati, deni linapungua kadiri ulivyotumika au unalipa lote? Na wao wakikupunguza kazi, bado unadaiwa? Hilo la mwisho ndilo limewazika watu. Kama halijaandikwa, omba liandikwe.

Nataka kuchukua mkopo wa sacco nilipe karo yote kwa mkupuo. Mume wangu hajui, nitamwambia nikihitimu. – Mama wawili, Likoni

Shoga, utakuwa haupo nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi, na utamwambia unakwenda wapi? Arusini?

Hesabu kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita thuluthi mbili za mshahara. Ukilipwa 96,000, lazima 32,000 zikufikie mkononi. Kwenye hizo 64,000 zilizobaki, toa PAYE, NSSF, SHA ya bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na ule mkopo wa friji ambao hukuutaja kwenye barua yako lakini naujua upo, upo kwa kila mtu. Kinachosalia ndicho sacco itakachokikata. Wengi hugundua hapo kwamba mkopo wenyewe haupiti.

Halafu usilipe kwa mkupuo. Lipa kwa muhula. Ukiugua au kampuni ikafungwa, pesa zilizo kwenye akaunti yako utazifikia; zilizo kwenye akaunti ya chuo utaziandikia barua. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, pia ina mkopo wa wafanyakazi wanaoendelea na masomo, uliza masharti kabla ya kuwasumbua wadhamini. Na wadhamini wa sacco ni watu wenye midomo. Mumeo atasikia kivukoni.

Nina diploma na miaka 18 bandarini, nasimamia gati na watu arobaini. Sina digrii. Uzoefu hauwezi kusimama badala yake? – Mzee wa Kilindini

Mzee wangu, kichwani unawazidi wengi watakaokaa darasa hilo. Lakini hapa Kenya uzamili hujengwa juu ya shahada ya kwanza. Vipo vyuo vya ng'ambo, Uingereza hasa, vinavyopokea watu kwa uzoefu, ila ukirudi na cheti chao kutafuta utambuzi utaombwa vyeti vilivyotangulia, na ubishi utaanza hapo. Kama shida yako ni ujuzi, kozi fupi za wasimamizi zitakufaa zaidi, na Kenya School of Government iko pale Matuga, safari ya kivuko na matatu. Kama shida ni cheo na mwajiri anadai digrii, anza digrii. Miaka itapita hata usipoisoma.

Nimeona EMBA ya miezi sita mtandaoni, chuo cha ng'ambo, shilingi 80,000, hakuna mahojiano wala vyeti vinavyoulizwa. Ni halali? – Bamburi

Chuo ambacho hakiulizi vyeti kinauliza nini? Umeshajijibu.

Kwa wengine wenye vyuo vya kweli vya ng'ambo: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo iliyokabidhiwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kazi ya kuzitambua shahada za nje. Waandikie uwaulize jina la chuo na la programu kabla ya kulipa, na jibu uliweke. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vya watumishi wa serikali vilikuwa ghushi. Tangu hapo ofisi nyingi hukagua. Cheti cha 80,000 kinaweza kukutoa kwenye kazi uliyoipata kwa jasho.

Nisome Nairobi au hapa Mombasa? – Nyali

Kampasi ya Mombasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi imesomesha MBA za jioni hapa mjini kwa miaka. Hiyo si EMBA, na kwa wengi wenu inatosha kabisa. Ukitaka EMBA yenyewe, Strathmore na USIU-Africa ziko Nairobi, na karo huhesabiwa kwa milioni.

Watu hupiga hesabu ya treni tu. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni 1,500, kwenda na kurudi 3,000, si kitu. Lakini ongeza gari la kufika stesheni ya Miritini, gari la kutoka stesheni ya Syokimau, mahali pa kulala, chakula, na Jumatatu yako. Mimi nilikuwa napanda ya saa nne usiku, nafika kabla ya alfajiri, nakaa kwenye benchi la stesheni na thermosi ya chai na andazi la mahamri nikisubiri kupambazuke. Somo la fedha la muhula wa kwanza silikumbuki hata kidogo. Nakumbuka meza ilivyokuwa baridi shavuni. Muhula wa pili nikaanza kusafiri Ijumaa na ile ya saa tisa mchana, na hilo liliwezekana kwa sababu bosi wangu alikuwa anajua.

Insha ya maombi niandike nini? – Tudor

Usiandike kwamba tangu utotoni ulipenda uongozi. Tangu utotoni ulipenda mpira na urojo.

Andika uamuzi mmoja mgumu. Wengi wenu mko kwenye mizigo. Mwaka 2019, serikali ilipoagiza makasha ya kwenda bara yapelekwe kwa treni ya SGR hadi bandari kavu ya Nairobi, ulifanya nini? Ulifunga yadi? Ulipunguza watu wangapi, ulianza na nani, ulimwambia vipi? Ulifungua dawati Nairobi likakula hasara? Na Septemba 2022, Rais Ruto alipoagiza kazi ya kuondoa mizigo irudi Mombasa, wateja ulikuwa nao bado? Andika hayo kwa tarakimu, pamoja na ulipokosea, halafu useme ni kitu gani ungekijua siku ile ungeamua tofauti. Hicho kitu ndicho unachokwenda kusoma. Usipokiona, weka kalamu chini kwanza.

Na usimpe mtu akuandikie, iwe insha sasa au tasnifu baadaye. Wale vijana wa kuandikia watu wanauza maneno yale yale kwa wateja kumi.

Ada ya maombi inarudishwa nisipochaguliwa?

La.

Mahojiano yangu ni kwa Zoom, nivae suti kamili au shati tu? – Ganjoni

Vaa na suruali. Utainuka kufunga dirisha muadhini akianza, na wao watakuwa wanakutazama.

Nimekubaliwa! Sasa nimwambieje bosi? – Wa kampuni ya meli, Changamwe, barua ya pili

Soma jibu la juu, mstari wa kalenda. Nenda kesho asubuhi kabla hajapata chai, maana chuo kinaweza kumpigia wakati wowote.